Kitambi si dalili ya neema: Tabia za kila siku na uzito wa mwili

ANAYERUDI kazini baada ya likizo ndefu hupokewa na maneno ambayo karibu kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kuyasikia: "Hongera, umenenepa! Mambo yamekunyookea." Msemaji hana nia ya kumuudhi mtu, anatoa pongezi. Aliyerudi akiwa amepungua hapongezwi. Huyo huvutwa pembeni na kuulizwa kwa sauti ya chini kama yu mzima na kama nyumbani kuna amani.

Desturi hii haikuzuka bure. Kwa muda mrefu mwenye tumbo lililotangulia mbele alikuwa mtu asiyeshika jembe wala kubeba magunia, mtu mwenye gari, kiti na nyama mezani. Kisha ukaja UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wananchi, kukonda kuligeuka kuwa tangazo la msiba. Nchini Uganda ugonjwa wenyewe ulipewa jina la "Slim", yaani mwembamba. Kizazi kilichozika ndugu zake katika miaka ile hakiwezi kulaumiwa kwa kuona usalama katika mashavu yaliyojaa.

Hata hivyo, hesabu imegeuka. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti kama huo wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28. Kenya ilipanda kutoka asilimia 25 mwaka 2008-09 hadi 33 mwaka 2014. Wanaume nao wamo, ingawa ni wachache kuliko wanawake, na mijini hali ni mbaya kuliko vijijini. Uchunguzi mwingine uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa tisa kati ya kila mia walikuwa na kisukari, na wapatao 26 kati ya kila mia walikuwa na shinikizo la juu la damu.

Uzito mkubwa unahusishwa na maradhi hayo mawili, pamoja na maradhi ya moyo, kiharusi, maumivu ya magoti na aina 13 za saratani zilizoorodheshwa mwaka 2016 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Tabia za kila siku ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya lawama. Lakini kuna jambo moja tunalomwomba msomaji alishike tangu mwanzo, kwa kuwa kutolijua kumewakatisha wengi tamaa. Tabia inayopunguza kilo na tabia inayolinda moyo si kitu kimoja kama tunavyodhani. Mlo una sauti kubwa zaidi katika kilo. Kutembea na kulala vyema kuna sauti kubwa katika afya, hata pale mizani inapokataa kushuka.

Mwaka mmoja wa mjini

Ushahidi mzuri wa jinsi mji unavyoingia mwilini umetoka hapa hapa nchini. Watafiti waliwafuatilia watu 209, wengi wao vijana, waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya Mkoa wa Morogoro kwenda Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, kisha wakawatafuta tena mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya miezi 12, wale waliopatikana walikuwa wameongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 hivi, wanaume kwa wanawake. Kijijini, karibu wanaume wanane kati ya kila kumi walikuwa na shughuli za kutumia nguvu nyingi; mjini hawakufika watatu.

Kilo mbili na ushei si mzigo mkubwa. Lakini hizo ni za mwaka wa kwanza tu, na waliozipata hawakuwa mabwana wenye magari. Walikuwa watu wa kawaida waliotafuta riziki.

Kenya ilikuwa imetangulia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa nchi hiyo kwenda Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi, na tofauti hiyo ilijitokeza mapema, tangu miezi ya mwanzo ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi na potasiamu pungufu, madini ambayo tunayapata kwa wingi katika mboga, matunda na mizizi.

Katika habari zote mbili hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuharibu afya yake. Mji ndio unaopanga ratiba. Mtu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni, tumboni hana kitu. Stendi anakunywa chai ya sukari tele kwa chapati mbili, kwa sababu ndicho kilichopo na bei yake anaimudu. Mchana kutwa amekaa. Jioni amekaa tena ndani ya daladala kwa saa mbili. Anafika kwake saa tatu usiku, anakula sahani iliyobeba njaa ya siku nzima, na baada ya nusu saa amelala. Mtu huyu hana uvivu wowote. Amechoka kweli kweli. Uchovu huo tu hautokani na misuli kufanya kazi.

Kamba badala ya mizani

Kipimo kinachotumika zaidi hospitalini ni uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana kwa kifupi kama BMI. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 82 atagawanya 82 kwa 2.89 na kupata 28.4. Kwa mujibu wa WHO, kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito unaofaa, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kwa mtu wa urefu huo, uzito unaofaa unaanzia kilo 54 hivi hadi 72.

Kanuni hiyo ilibuniwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu na takwimu, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani katika jamii nzima, hakuwa akimtibu mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana kipimo hiki ni kizuri kwa taifa lakini hukosea kwa mtu. Mchezaji wa raga aliyejaa misuli anaweza kuhesabiwa mnene. Kwa upande mwingine, watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao ni sehemu ya jamii ya miji yetu ya pwani tangu zamani, hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko wengine, na kwao wataalamu hushauri tahadhari ianze kwenye 23.

Kibaya zaidi, mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya mapajani na makalioni yana madhara kidogo. Yale yanayojibana tumboni, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini na kupandisha sukari. Mama mwenye makalio makubwa na kiuno chembamba yuko katika hali tofauti kabisa na baba mwenye miguu kama fito na tumbo la ngoma, hata kama wote wawili wana kilo zilezile.

Kwa hiyo pima kiuno. Simama wima, pumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani, na uzungushe utepe wa fundi cherehani katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Alama za tahadhari ni sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Asiye na utepe atumie kamba: aikate sawa na urefu wake, aikunje mara mbili, kisha aizungushe kiunoni. Isipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu wake. Kanuni hii ya nusu ya urefu ilipitishwa mwaka 2022 katika mwongozo wa taasisi inayowashauri madaktari wa Uingereza, na inamfaa hata mtu asiyemiliki mizani.

Somo kutoka kwa Wahadzabe

Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado hupata chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012, kundi la watafiti lililoongozwa na Herman Pontzer wa Marekani lilichapisha matokeo ya vipimo vya watu wazima 30 wa jamii hiyo. Kwa siku 11 walipimwa nishati yote iliyotumiwa na miili yao. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilometa 11 kwa siku, wanawake karibu sita.

Kila aliyesikia alitarajia kuwa Wahadzabe wanachoma nishati nyingi kuliko karani wa ofisini. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao hayakutofautiana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya waliokaa vitini. Inaelekea mwili una bajeti yake: ukitumia sana kwa mwendo, hubana matumizi kwingineko. Wataalamu wanaendelea kubishana jinsi ubanaji huo unavyofanyika na una ukubwa gani, lakini funzo kwa anayetaka kupungua ni zito. Tofauti ya vitambi kati ya porini na mjini inatokana zaidi na kinachoingia mdomoni.

Tuchukue soda. Chupa ya kawaida ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko vidogo tisa, sawa na kalori 145 hivi. Mtu wa kilo 70 anahitaji kutembea harakaharaka kwa takriban nusu saa ili kuzitumia. Soda yenyewe hunywewa kwa dakika tano, tena haishibishi. Wapo wanaojivuna kuwa wameiacha soda. Tunawapongeza, lakini tunawauliza habari za chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni soda nzima iliyonywewa bila kufungua chupa. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nishati ya siku, yaani vijiko vidogo 12 hivi kwa mtu wa wastani, na inasema ni heri zaidi ikiwa nusu ya hapo.

Mafuta ya kupikia ndiyo mlango wa pili. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ilhali gramu ya wanga au protini ina nne. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, na jikoni kwetu kipimo cha mafuta ni macho: mpishi humimina hadi moyo wake uridhike. Kiazi kilichochemshwa na kiazi kilichogeuzwa chipsi si chakula kimoja, achilia mbali chipsi zilizofungwa na mayai na kukaangwa mara ya pili. Bia nayo isisahauliwe. Chupa ya nusu lita ina karibu kalori 200, na ni nadra mtu kunywa moja akaondoka, au kuinywa bila sahani ya nyama choma pembeni.

Kuhusu wanga, tatizo haliko katika ugali wala wali wenyewe bali katika ramani ya sahani. Tazama sahani ya mama lishe wakati wa mchana: mlima wa wali, kijiko cha maharage, vipande viwili vya nyama na mchicha wa kuonja. Wataalamu wa lishe wanashauri kugeuza ramani hiyo, mboga za majani na matunda zichukue nusu ya sahani, wanga robo, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki, kuku au nyama. Hapa hatuna haja ya majani ya kigeni yanayouzwa kwa bei ya dhahabu katika maduka makubwa. Mchicha, matembele, kisamvu, mlenda na bamia vipo sokoni kila siku. Kunde, choroko, maharage na dagaa ni protini ya bei nafuu. Dona lina kiini na pumba ambavyo sembe limepokonywa kinuni, na nyuzinyuzi zake hushibisha kwa muda mrefu. Chungwa lililomenywa na kuliwa ni bora kuliko bilauri ya juisi iliyobeba machungwa manne na sukari juu yake.

Kuna jaribio moja ambalo linafaa kutajwa. Mwaka 2019 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima 20 waliokaa katika hospitali ya utafiti na kulishwa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Milo ya pande zote ilikuwa na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi kwa viwango vilivyolingana, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Mzazi anayejaza mkoba wa shule kwa biskuti na bisi za pakiti, huku muhogo wa kuchemsha umelala jikoni, angefaa kulitafakari hilo.

Chumvi haiongezi mafuta mwilini, lakini inapandisha shinikizo la damu. Kiwango cha WHO ni chini ya gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kidogo kimoja, ikijumuishwa iliyo ndani ya viungo vya mchuzi vya kununua.

Dereva na kondakta

Ikiwa mlo ndio unaoamua kilo, mtu anaweza kuuliza: tutembee kwa nini? Jibu lilitolewa na mabasi. Mwaka 1953, daktari wa Uingereza Jerry Morris alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitoka mitaa ileile na kufanya kazi ndani ya gari lilelile. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara akidai nauli. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na kwa waliopatwa, madhara yalikuwa mepesi.

Wapinzani walidai kuwa pengine madereva walikuwa wanene tu tangu mwanzo. Morris akaenda kuzichunguza kumbukumbu za sare, akalinganisha viuno vya suruali walizopewa. Ni kweli, madereva walivaa suruali pana zaidi. Lakini kondakta mwenye tumbo naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye tumbo kama lake. Mwendo ulimlinda bila kumkondesha. Kwa miji yetu, ambako utingo wa daladala hushinda amesimama mlangoni na dereva hushinda amekunja goti kwenye joto la injini, habari hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani mwendo unaokufanya uheme lakini uweze kuzungumza, au nusu ya muda huo kwa mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Zamani ilisemwa kuwa mwendo wa chini ya dakika kumi mfululizo hauhesabiwi. Sharti hilo limefutwa. Kupanda ngazi badala ya lifti kunahesabiwa, kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani kunahesabiwa, kuchota maji na kufua kwa mikono kunahesabiwa.

Tunafahamu kwamba kuandika hivi ni rahisi kuliko kutembea katika barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, huku bodaboda zikikupita pande zote mbili. Kwa mwanamke kuna pia giza la alfajiri na maneno ya vijiweni. Ndiyo sababu vikundi vya mbio za pole vilivyoenea mitaani, hasa Jumamosi na Jumapili asubuhi, ni jambo la thamani: wengi hutembea kwa usalama ambao mmoja hana. Asiyeweza kutoka aruke kamba uani, au ainuke na kuketi kwenye kiti mara 15 bila kushika kitu, apumzike, arudie.

Na faida kubwa haihitaji kupungua kukubwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa makundi. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia saba ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Jingine lilipewa dawa ya metformin. Wakilinganishwa na ambao hawakupewa dawa wala mafunzo hayo ya kina, walioingia kisukari walipungua kwa asilimia 58 katika kundi la kwanza na asilimia 31 katika kundi la dawa. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia saba ni kilo sita. Hakuna mwenzake kazini atakayezitambua, lakini kongosho lake litazitambua.

Usingizi na moyo mzito

Usingizi ndio tabia inayodharauliwa kuliko zote. Mwaka 2004, watafiti wa Chicago waliwachukua vijana wa kiume 12 wenye afya na kuwapa siku mbili za kulala saa nne kwa usiku, na siku nyingine mbili za kukaa kitandani saa kumi. Baada ya usiku mfupi, homoni inayoleta shibe ilishuka kwa asilimia 18, ile inayochochea njaa ikapanda kwa asilimia 28, na walichokitamani zaidi kilikuwa vitu vitamu, vyenye chumvi na vya wanga. Mkazi wa pembezoni mwa jiji anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri yumo ndani ya jaribio hilo mwaka mzima. Watu wazima wengi wanahitaji saa saba au zaidi. Anayekoroma sana, akakatika pumzi usingizini na kusinzia mchana, amwone daktari, kwa kuwa unene na kukatika pumzi hulishana.

Mwendo na mlo vinagusa pia nafsi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 1999 uliwachukua watu 156 wa makamo na wazee waliokuwa na sonona. Baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliopewa dawa. Hii haina maana kwamba mgonjwa aache dawa alizoandikiwa. Ina maana kwamba nusu saa ya mwendo si anasa. Kinyume chake, kejeli hazimponyi mtu. Aliyezoea kuitwa "bonge" na "tipwatipwa" huanza kuogopa uwanja wa michezo na hata kliniki, ambako nako wakati mwingine hukuta ulimi mkali, na chakula kinabaki kuwa mfariji wake wa pekee.

Njia za mkato

Matangazo ya vidonge na chai za kukata tumbo yamejaa kwenye kuta, na sasa kwenye simu. Nyingi kati ya chai hizo ni dawa za kuharisha: zinatoa maji, mizani inashuka, na mtu akinywa maji kilo zinarudi. Nyingine ni hatari. Dawa ya sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na mishipa ya damu. Tangu hapo mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya asili tupu. Bidhaa inayokata kilo kumi kwa mwezi bila kubadili mlo ni ya kuogopwa.

Kufunga kula kwa pupa nako kuna bei. Washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani cha kupunguza unene walipimwa upya miaka sita baada ya mashindano, na ripoti ikatolewa mwaka 2016. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ikipumzika ilitumia kalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Mwili hauelewi kuwa unapendezeshwa. Unadhani njaa imeingia kijijini. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo unaovumilika.

Zipo pia sindano mpya, kama semaglutide, ambazo ni dawa za kweli. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, walioitumia kwa wiki 68 walipoteza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito. Walioiacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ni dawa ya muda mrefu, ya kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari, si ya kununuliwa mkononi kwa mtu asiyejulikana.

Linalowashinda wengi si elimu bali chungu kimoja cha nyumbani. Baba aliyeambiwa kliniki apunguze mafuta hawezi kufanikiwa ikiwa mpishi hakuwepo daktari alipozungumza, na mama aliyeamua kupungua hatafika mbali ikiwa mumewe anamwambia amechakaa. Ni vyema waende wawili. Badiliko moja linalokubaliwa na wote, kwa mfano sukari ya chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, linadumu kuliko masharti kumi ya mtu mmoja.

Lini kumwona daktari

Si kila ongezeko la uzito linatokana na tabia. Uvimbe wa miguu unaoacha shimo ukibonyezwa, pamoja na kuhema mtu akilala chali, huweza kuwa maji yaliyojaa kwa sababu ya moyo au figo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa uvivu huleta unene, baridi na uchovu. Dawa za aina ya steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huweza kuongeza uzito. Mtumiaji asiziache ghafla, azungumze na aliyemwandikia. Mjamzito hatakiwi kujipunguza kwa namna yoyote.

Kukonda bila kukusudia nako kusipongezwe kwa sababu tu kitambi kimeondoka. Mtu anayepungua ilhali anakula vizuri, mwenye kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, apimwe kisukari. Mwenye kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku apimwe kifua kikuu, na apime pia VVU. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, au mwenye kiuno kilichoishinda ile kamba, apime shinikizo la damu na sukari walau mara moja kwa mwaka hata kama haumwi. Zahanati yenye kifaa cha presha na kipima sukari inatosha kuanzia.